Sifuri ya Mama

To.

Herufi nyingine zote za taipureta ile zililia ta, ta, ta, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya mabati. O peke yake ililia to, nzito kidogo, na nyuma yake kikafuata kimya kifupi cha karatasi inayotoboka. Niliisikia siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa na miaka kumi na tisa na kucha fupi, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mpiga taipu hafugi kucha. Mpaka leo mlango ukigonga hivyo mahali popote, nageuka.

Mama alinishika kidole.

"Hiyo usiguse, nyara," akasema. Nyara kwa Dholuo ni binti yangu. "Hiyo inakata."

Akaitoa karatasi kwenye mashine, akaiinua kuelekea dirishani. Pale penye O palikuwa na tundu la mviringo, safi kabisa, na kupitia tundu hilo niliona kipande cha ziwa.

Mama hakuwa mama yangu mzazi. Mama yangu mzazi alikuwa mtaa wa Kondele akiuza omena, dagaa wa ziwani. Huyu alikuwa mpiga taipu mkuu wa ofisi yetu, na kwa kuwa tulikuwa wapiga taipu wawili tu, mkuu alikuwa yeye na mdogo nilikuwa mimi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa mjini Kisumu. Watu walipanda ngazi za mbao wakiwa na barua zao za kuomba kazi, matangazo ya mazishi, ratiba za harusi na kumbukumbu za mikutano ya vyama, nasi tukawapigia.

Mtu wa kwingine atauliza kwa nini O na si herufi nyingine. Kwetu huku ziwani wanaume wengi majina yao huanza na O, na wanawake wengi na A. Tena mtu ana jina lake, na la baba yake, na akifa wanaongeza la babu. Ratiba moja ya mazishi ina O nyingi kuliko punje kwenye hindi. Taipureta ile ilikuwa imewapiga wanaume wa Kisumu miaka mingi sana, hadi ukingo wa O yake ukawa mwembamba kama kifuniko cha mkebe. Kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi, ilikuwa balaa. Kiduara kilikatika chote kikadondoka, na nakala zote zikatoka na doa jeusi mahali pa jina la mtu.

Mama alikuwa amejitafutia dawa zamani. Badala ya O kubwa alipiga sifuri. Sifuri ilikuwa nyembamba kidogo, lakini ukingo wake ulikuwa mzima, kwa sababu watu wetu walikuwa na majina mengi kuliko tarakimu. Basi kwenye karatasi za Mama kila mwanamume alianza na sifuri, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Jicho la binadamu lina huruma. Linaona kile linachotegemea kuona, kisha linaendelea na shughuli zake.

Nilikuwa nimeishia kidato cha pili. Sikuacha shule kwa huzuni, niliacha kwa sababu mambo ya nyumbani yalitaka mtu, na mtu aliyekuwa karibu ni mimi. Lakini nilikuwa mtu wa ndoto sana. Nikiteremka kutoka Manyatta asubuhi kwenda mjini kwa miguu, nilikuwa tayari nimekwisha vumbua mashine tatu. Moja ya kutoa mifupa kwenye samaki ngege, moja ya kumwamsha kondakta, na moja ya kukumbuka wimbo uliousikia mara moja tu redioni na hujui jina lake. Hiyo ya mwisho bado naiamini.

Nilikuwa na maoni juu ya kila kifaa. Saa za mkononi za kidijitali, kwa mfano, zile zilizolia pii pii kila ilipofika saa kamili. Kanisani kwetu zilikuwa labda kumi, na hakuna mbili zilizokubaliana. Mhubiri akifika katikati ya sala, moja inalia kule mbele. Baada ya muda nyingine kule nyuma. Kisha ya mhubiri mwenyewe. Niliona hilo ni tatizo la tabia, si la betri. Chombo kisichokuwa na hakika kingenyamaza, au kingesema kwa sauti ya chini.

Kanda za muziki nilizipenda. Niliirudisha kanda nyuma kwa kalamu ya bairo, nikiizungusha hewani, si kwa redio, kwa sababu betri zetu zilikuwa zinaanikwa juani juu ya paa kila mchana ili zipate nguvu za jioni. Na nilikuwa sizipendi nyimbo zinazofifia mwishoni. Wimbo unaofifia ni mgeni aliyeondoka bila kuaga, unabaki ukitazama mlango. Nyimbo zetu za gitaa zilimalizika kiungwana. Gitaa lilikimbia, lilikimbia, likafika, likasimama.

Pale mtaani kulikuwa pia na chumba cha video, viti vya mbao na shuka jeusi dirishani. Filamu nyingi zilikuwa za karate, na hakuna aliyejua Kichina. Watazamaji ndio waliowasemea waigizaji. Mzee mwenye ndevu akifungua mdomo kwenye televisheni, mtu wa kiti cha nyuma anasema kwa Dholuo, "Nani amekula samaki wangu?" na pambano linaanza. Nimeona filamu nyingi tangu wakati huo, zenye maandishi chini na mazungumzo ya maana, lakini sijaona zilizowakaribisha watu vile.

Haya yote nayataja kwa sababu siku kompyuta ilipofika niliipokea nikiwa na maoni tayari.

Ilitoka Nairobi, imefungwa kwa blanketi. Mwenye ofisi tulimwita Mzee. Watu wake walitoka pwani vizazi viwili nyuma wakaoa huku, kwa hiyo alisema Kiswahili cha kunyooka na Dholuo cha sokoni, na hakuna aliyeona ajabu. Mpwa wake ndiye aliyemtumia kompyuta, pamoja na printa na kitabu kinene kisichokuwa na jalada. Mzee alilifungua blanketi polepole, akaizunguka mashine mara mbili mikono ikiwa nyuma.

"Mwanangu anasema hii inafanya kazi ya watu wawili," akasema. Mpwa wake huyo yeye alimwita mwanangu. "Tutaijaribu mpaka mwisho wa mwezi. Ikiwa ni kweli, basi sitahitaji viti viwili. Nitabaki na mmoja. Yule asiyekosea."

Alisema bila ubaya wowote, kikombe cha chai mkononi, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mama alikiweka chini kikombe chake. Baadaye, Mzee alipokwenda kuswali, aliniambia, "Mimi, nyara, nimekaa kwenye hiki kiti miaka kumi na minne. Wakinitoa hapa, mikono hii nitaiweka wapi?"

Akaitazama mikono yake juu ya meza, na mimi pia nikaitazama. Alikuwa mjane, watoto wake walikuwa wameolewa na kuoa. Mikono ndiyo iliyokuwa imebaki nyumbani. Nilitaka kumwambia kwamba atakayetoka ni mimi, lakini sikuwa jasiri hivyo. Na tena nilikuwa nimekwisha ipenda ile kompyuta.

Kitabu kilikuwa cha kufundisha lugha iitwayo BASIC. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku, na maneno ambayo kamusi haikuwa nayo niliyaacha yapite kama watu nisiowajua barabarani. Ilinichukua wiki kuifanya kompyuta iniambie habari ya asubuhi. Nilipoijibu nzuri, iliniandikia kwa Kiingereza kwamba amri yangu ni mbaya. Si kwamba haikunielewa. Kwamba ni mbaya. Nilikaa nikaitazama. Kwetu mtu akiingia nyumba ya watu, yeye ndiye anayejifunza viatu vinavuliwa wapi. Hii ilikuwa imekuja jana kwa blanketi na tayari inatukemea.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja kwenye lugha ile nilichokipenda kuliko vyote. Ukianza mstari na neno REM, unaweza kuandika baada yake chochote unachotaka. Kompyuta inauruka mstari huo, haiusomi, haiujibu. Ni mahali pa kumwachia binadamu mwenzako neno. Nilianza kuandika vitu vidogo vidogo pale. REM HAPA NILIKUWA NA NJAA. REM STIMA ILIPOTEA HAPA, NIMEANZA UPYA.

Kazi ya kwanza ya kweli ya kompyuta ililetwa na chama cha watuma salamu. Wakati ule kulikuwa na vipindi vya salamu redioni, na watu walinunua kadi, wakaandika majina ya wanaowasalimu, wakazituma kwa posta, kisha wakakaa karibu na redio wiki nzima wakisubiri kusomwa. Wale waliosomwa mara nyingi walijulikana kuliko madiwani. Wa Kisumu walikuwa wameunda chama, na mwenyekiti wao alikuja akipanda ngazi kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba jina lake limepita hewani.

Alitaka kitabu cha wanachama, majina karibu mia tatu, kila mtu na sanduku lake la posta, mtaa wake na aina ya muziki anayoipenda. Tena alitaka, akija na wageni, kompyuta iweze kuulizwa, "Fulani yuko?" nayo ijibu.

"Inaweza?" Mzee aliniuliza.

"Inaweza," nikasema, kabla sijajua kama inaweza.

Nikaandika programu. Mtu akiuliziwa kwa jina lake mwenyewe, si la baba, na akapatikana, kompyuta iandike YUPO na habari zake. Asipopatikana, iandike HAYUPO. Nililichagua neno hilo kwa sababu lilikuwa fupi. Kisha mimi na Mama tukagawana kadi za chama katikati, tukaingiza majina kwa zamu. Mama aliogopa kompyuta siku mbili, siku ya tatu vidole vyake vilisahau kuogopa. Alikuwa na kasi kunishinda. Ta ta ta ile ilikuwa imekwisha, vitufe vya kompyuta vilisema tu chwi chwi kama kifaranga, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka vilevile.

Siku ya majaribio mwenyekiti alikuja na mwekahazina wake, mwanamume mrefu mpole, na katibu, dada mmoja mcheshi wa mtaa wa Obunga. Mzee alikuwa amevaa kofia mpya. Nilikaa mbele ya kompyuta, Mama amesimama nyuma yangu.

"Anza na mimi," mwenyekiti akasema.

Niliandika jina lake. Kompyuta ikafikiri. Ikaandika HAYUPO.

"Labda umekosea herufi," Mzee akasema.

Niliandika tena polepole, mwenyekiti akinitajia herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. HAYUPO.

"Jaribu mimi," katibu akasema. Nikamjaribu. YUPO, Obunga, muziki wa Lingala. Akapiga makofi kidogo. Mwekahazina naye nikamjaribu. HAYUPO.

"Hii mashine haipendi wanaume," katibu akasema. "Mimi nimeipenda bure."

Nilijaribu wengine sita. Wanawake wote walikuwapo. Wanaume, huyu yupo, yule hayupo, bila mpango ninaouona. Mwenyekiti hakuwa anacheka. Alivua kofia yake, akaishika kifuani.

"Binti," akasema, "mimi wiki jana nimetoka kumzika ndugu yangu. Kwetu hilo neno halisemwi hivihivi juu ya mtu ambaye amesimama. Unasema fulani hayupo, watu wanaanza kutafuta viti."

"Pole, Baba," nikasema. Kosa hilo lilikuwa langu peke yangu na nililijua papo hapo. Nilikuwa nimekaa wiki tatu nikiilaumu kompyuta kwa kukosa adabu, kisha mara ya kwanza nilipoipa maneno yangu mwenyewe, ikamwambia mtu aliyefiwa kwamba naye amekufa.

Walikubaliana warudi Ijumaa. Walipokwisha kushuka, Mzee alisimama mlangoni akiigeuza kofia yake mpya mikononi.

"Nataka kujua kosa ni la nani," akasema. "Ijumaa nitauliza."

Alipotoka, Mama alikaa kitini mwake bila kupiga kitu. Baada ya muda akasema, "Nimehesabu. Wale uliowaandika wewe wote wapo. Wanaopotea ni wale niliowaandika mimi." Nikamwambia pengine ni disketi. Akaanza kuifuta taipureta yake vumbi, ingawa haikuwa na vumbi.

Kesho yake niliitoa orodha yote kwenye printa, ikapangwa kwa alfabeti. Printa ilipiga kelele ukurasa baada ya ukurasa kama mtu anayepasua kanga. Nilipoiangalia, niliona wanaume wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja lilikuwa mahali pake, baada ya N. Kundi lingine lilikuwa juu kabisa, mbele ya A, limekaa kama wageni wa heshima. Mwenyekiti alikuwa hapo juu.

Nilirudi kwenye kioo, nikalileta jina lake, nikalisogelea mpaka pua yangu karibu iguse. Ndani ya ile O yake ya kwanza kulikuwa na nukta. Nukta ndogo ya kijani katikati, kama kiini cha yai. Kompyuta yetu iliitia sifuri nukta ili isifanane na O, na hakuna aliyekuwa ametuambia. Nilibaki nikiitazama. Nikasikia to ile ya siku ya kwanza, na Mama akinishika kidole. Hiyo usiguse.

Mama alipoketi kuandika barua ya mteja fulani, nilijifanya napanga karatasi nikautazama mkono wake. Lilipofika jina la mwanamume, kidole kilipanda kwenye safu ya juu, kikagusa sifuri, kikarudi nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa akitazama karatasi. Kidole kilikwenda peke yake, kama ng'ombe anayeijua njia ya mtoni.

Sitadanganya kwamba sikufikiri. Nilikuwa na jibu la Ijumaa, na jibu lenyewe lilikuwa na jina la mtu. Ningesema neno moja, kiti kingebaki kimoja, na ningekikalia mimi. Nilikwenda kusimama dirishani. Chini, vijana wa baiskeli walikuwa wakibishana nani amempita nani foleni, na ziwani magugu yalikuwa yamejitandaza kama shamba la mtu. Na jinsi nilivyozidi kufikiri ndivyo nilivyozidi kuona kwamba Mama hakuwa amekosea. Alikuwa amewapa wanaume wa mji huu majina yao yote yasiyo na tundu kwa miaka kumi na minne. Aliyekuwa hajui ni programu. Ilikuwa imekuja mahali ambapo sifuri ni O na haikuuliza mtu.

Ningeweza kuyasahihisha majina kwa mkono, moja moja. Lakini kesho yake kidole kingepanda tena safu ya juu. Basi saa ya chakula, Mzee akiwa msikitini na Mama amekwenda kula nyoyo yake, mahindi na maharage ya kuchemsha, kwa rafiki yake wa duka la chini, nilikaa nikaandika mistari mitatu. Ilisema hivi: ukikuta sifuri na baada yake kuna herufi, hiyo ni O, iandike O. Ukikuta sifuri na baada yake kuna tarakimu, au hakuna kitu, iache, hiyo ni sifuri ya kweli. Nikaijaribu. Wanaume wa mbele wakashuka kutoka viti vya heshima wakaenda kukaa na wenzao. Kisha nikalifuta HAYUPO nikaweka BADO SIJAMWONA.

Ijumaa walikuja wote watatu tena. Mwenyekiti alikataa kukaa.

"Nitafute," akasema.

YUPO, ikaandika, na sanduku lake, na Milimani, na muziki wa gitaa. Mwekahazina yupo. Ndugu zake wawili wapo. Mwenyekiti akanisogeza kidogo kwa kiwiko, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja jina la mtu ambaye hakuwa mwanachama, ili aone. BADO SIJAMWONA.

Alisoma kwa sauti. Akakaa sasa.

"Hiyo ndiyo lugha ya watu," akasema. "Hata mimi mtu akiniuliza habari ya mtu, nasema bado sijamwona. Simfukii."

"Na kosa lilikuwa nini?" Mzee akauliza. Aliuliza mbele ya wote, kwa sababu alikuwa ameahidi, na alikuwa mtu wa kutimiza. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"La programu, Mzee. Haikujua namna majina ya hapa yanavyoandikwa."

"Programu aliandika nani?"

"Mimi."

Alinitazama, akamtazama Mama, akaitazama kompyuta. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria omena wa Kondele, na kwamba si mbaya, omena huwa hawana herufi.

"Kwa hiyo wewe unayejua kompyuta ndiye uliyekosea," Mzee akasema, "na huyu asiyeijua hakukosea."

"Ndiyo."

"Mzee, usiwasumbue wasichana wako," katibu akasema. "Tuna kadi nyingine za wanachama wa Homa Bay huku kwenye mkoba. Zitaandikwa na nani?"

Mama akacheka kusikia anaitwa msichana. Mzee alikuna kidevu.

"Basi bado mnajifunza wote wawili," akasema mwishowe. "Siwezi kumtoa mtu katikati ya masomo."

Na kwa Mzee neno likitoka lilikuwa limetoka. Viti vikabaki viwili. Akamtuma mtu soda.

Wageni walipoondoka Mama alivuta kiti chake karibu na changu. Aliandika jina la mume wake marehemu, akasogeza uso mpaka kiooni.

"Kuna nukta," akasema.

"Iko."

"Uliiona lini?"

"Juzi."

Alirudisha uso nyuma. "Nilijua ni mimi. Sikujua ni nini." Akajaribu tena, sasa akikitazama kidole chake na kukipeleka kwenye O kwa makusudi. Kikafika. Akajaribu jina la pili, kikapanda safu ya juu. La tatu, safu ya juu. Akakipiga kidole kofi dogo. "Kidole hiki ni mzee, hafundishiki, nyara. Mwachie tu."

"Si lazima afundishike," nikasema. "Nimeiambia kompyuta."

Alinitazama muda, kisha akafungua mkoba wake akanipa nusu ya njugu zake, zile kubwa za kukaanga, akarudi kwenye taipureta kumalizia barua. Hatukulizungumza tena. Ta ta ta, na kila baada ya kitambo, sifuri.

Jumatatu iliyofuata Mzee alitangaza kwamba mpwa wake anakuja kutoka Nairobi kuitazama programu, kuisafisha, aondoe mistari isiyo na kazi. Alisema kwa fahari. Nilifurahi pia, nilikuwa na maswali yangu mengi. Lakini nilijua mtu wa Nairobi akiiona mistari yangu mitatu ataishangaa. Sifuri inageuzwaje kuwa O? Ataona ni kosa la msichana wa kidato cha pili, na ataifuta kwa wema.

Saa ya chakula ilipofika wakatoka wote. Mama aliniuliza kama siji, nikamwambia nakuja nyuma yake. Nilisubiri hadi hatua zake ziishe kwenye ngazi. Kisha nikaiwasha kompyuta, nikashuka kwenye programu mpaka juu ya ile mistari mitatu, nikaweka mstari mpya, nikaandika kwa herufi kubwa, polepole, kila kidole mahali pake:

REM SIFURI YA MAMA NI O. TAFADHALI USIGUSE HAPA.

Nikaihifadhi kwenye disketi, nikaizima, nikashuka kula.